Profesa Josiah Obwocha na Darasa Alilomjengea Baba Yake

Alizaliwa Nyakoe mwaka 1921, mwana wa kwanza wa mzee Ombati na mama Bitutu, watu wa migomba na Sabato. Alisomeshwa na wamisionari, akavuka kwenda Uganda, akarudi mwaka 1963 ameitwa na kanisa aanzishe chuo Itumbe. Jengo halikuwepo. Profesa Josiah akafundisha sebuleni kwake, mkewe Nyanchera akiinjika chai upande wa pili wa ukuta.

Jaribu lake lilianzia hapo. Mzee Ombati alitamani mno kumwona mwanawe akifundisha, na kwetu Abagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Basi kila asubuhi alikuja na kigoda chake, akakaa nje chini ya dirisha. "Paza sauti, Profesa!" alikuwa akiita. "Huku nje wanafunzi wako ni mimi na kuku, na kuku wameanza kunipita!" Darasa zima lilicheka. Josiah hakucheka.

Mzee wa kanisa, Onchiri, akamwambia, "Si umeokoka wewe? Mwambie aingie, hiyo ni mila tu."

"Akiingia kwa aibu hatasikia neno," Josiah akajibu. "Darasa ndilo litakalohama, si baba."

Kanisa lilitaka kungoja msaada wa ng'ambo. Yeye akaita risaga, kundi la majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu, wakasimika miti na kukandika udongo katikati ya mvua, mwenyewe akiwa amefunga kula kwa maombi. Mwaka 1965 mzee, sasa akikohoa sana, aliingia kwa miguu yake akakaa benchi la mbele. Somo halijafika nusu, jamani, akasinzia. Josiah akashusha sauti, akafundisha kwa kunong'ona hadi mwisho. Juma lile lile mzee akalala katika Bwana.

Chuo kilikua: mabweni, maktaba, na mwaka 1974 ukumbi wa mawe wenye vipaza sauti. Wageni walipomsifu alisema, "Ndiyo, kimekua. Lakini laiti ningalimfundisha mzee wangu ndani ya darasa hata siku moja, akiwa macho."

Waumini husimulia kwamba mvua ya mawe iliyoharibu chai ya Itumbe haikung'oa hata unyasi mmoja wa paa la darasa lile la udongo. Profesa Josiah alifariki mwaka 1979, akaagwa humo humo, kama alivyoomba. Nasi tumwige: tukiona mzazi amekaa nje ya furaha yetu, tumtengenezee pa kuingia bila aibu, na tufanye mapema, angali macho.