Picha Iliyopotea Njia Hadi Hjørring

Saa moja na nusu asubuhi, Bodil Thorsager yuko juu ya ngazi fupi katika ukumbi wa chakula wa nyumba ya kulelea wazee mjini Hjørring, kaskazini mwa Denmark. Bisibisi iko mkononi, pimamaji mfukoni. Amekuja kuteremsha picha. Dakika ishirini zimepita na hajagusa hata skrubu moja.

Chini yake, kwenye kiti cha magurudumu, Mzee Ejnar Vestbjerg mwenye miaka 91 anazungumza na picha hiyo. Ni mchoro wa mwanamke anayepiga pasi.

“Gerda, umesahau kola tena,” anasema. “Leo utagombezwa.”

Bodil anamtazama muuguzi wa zamu, Merete. Merete anainua mabega.

“Miezi saba hakutamka neno, mpaka picha hii ilipotundikwa,” anasema. “Tulidhani sauti imekwisha. Na wewe ndiyo kwanza unakuja na bisibisi!”

Bodil, mwenye umri wa miaka 54, ni mratibu katika kampuni ya washauri wa sanaa yenye watu sita, jijini Aarhus. Wenzake huwasaidia wateja kuchagua picha za hospitali, hoteli na ofisi. Yeye huhakikisha kila picha inafika kwenye ukuta wake. Mwaka huu ana majengo kumi na moja katika nchi nne, na picha 263. Mwaka jana alilala hotelini siku 143.

“Kuna siku naamka, naanza kujiuliza niko nchi gani, halafu ndiyo natafuta miwani,” anasema.

Picha ya pasi haikuwa ya Hjørring. Ilichaguliwa na Lennart Brodin, mwenye ofisi ya meli kule Gothenburg, Uswidi, kwa sababu mama yake alikuwa dobi. Wazee walichaguliwa picha ya shamba lenye ukungu. Picha zote mbili ni za mchoraji mmoja, kipimo kimoja, na zilifungwa siku moja. Lebo zikabadilishana. Sahihi kwenye lebo ni ya Bodil, lakini hakumbuki kuzibandika. Siku hiyo alikuwa akijibu simu za miji mitatu kwa mpigo.

Kosa lilionekana wiki tatu baadaye, Lennart alipotoka hospitali na kukuta ukungu ofisini kwake.

“Orodha ni orodha,” mkuu wake, Torkild, alimwambia Bodil. “Unapanda, unafungua, unarudi. Usianze kufikiri huko.”

Lakini ameshaanza. “Sasa hapa nimekosea au nimepatia?” ananiuliza mimi mwandishi, akishuka ngazi mikono mitupu. Binti wa Mzee Ejnar naye ametuchanganya zaidi: katika ukoo wao hajawahi kuwapo Gerda.

Bodil akampigia Lennart palepale, akamweleza yote bila kuficha.

“Subiri kwanza, mama,” sauti ikasema. “Picha ya mama yangu iko kwa mzee nisiyemjua, na anaigombeza kuhusu kola?”

“Haigombezi. Anaionya tu.”

“Nakuja kuona mwenyewe. Usiiguse.”

Siku ya pili yake Lennart alivuka kwa feri. Alikaa karibu na Mzee Ejnar, wakaletewa mkate mweusi na samaki wa siki. Mzee akamkagua kutoka viatu hadi nywele.

“Wewe ndiye uliyeleta nguo?”

Lennart alimtazama Bodil, Bodil akatazama sahani.

“Ndiyo, mzee wangu. Ni mimi.”

“Weka hapo. Na usimharakishe Gerda, ana kazi nyingi.”

Lennart alitoka nje, akasimama kwenye maegesho bila koti. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. “Iacheni,” alisema. “Mama yangu namkumbuka hata bila picha.”

Torkild amesharekebisha orodha. Kwenye karatasi, hakuna kosa lililowahi kutokea. Hilo nalo linamsumbua Bodil. “Kama hakuna kosa, basi ni nini kilichotokea?” anauliza, na safari hii hasubiri jibu.

Ana swali jingine. Binti wa mzee amekumbuka kwamba baba yake, akiwa na miaka kumi na mitano, alibeba vikapu vya nguo katika hoteli moja kule Skagen. Dobi mmoja wa hoteli hiyo yu hai bado, ana miaka 93, jina lake Bodil hajaambiwa, na amekubali kuonana na Bodil Jumamosi.

“Nitamwonyesha picha, nimuulize kama alimjua Gerda yeyote. Akisema hapana, nitakunywa kahawa nirudi nyumbani.”

Na akisema kwamba Gerda ni yeye?

Bodil anacheka, kisha anaacha kucheka. “Basi kiti cha nyuma cha gari nitakiondolea picha zote,” anasema, “nimpeleke Hjørring mwenyewe, taratibu.”