Korongo la Ng'wandu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nainamisha uso hata nikiwa peke yangu. Ni siku ambayo baba yangu, Mzee Ng'wandu, alibeba kosa langu mbele ya watu, nami nikamwacha alibebe.

Ukifika kwetu Mwamapalala utaliona korongo kubwa juu ya nyumba. Zamani pale palikuwa na ngitili ya baba. Vijana wa siku hizi huenda msiijue vizuri: ngitili ni sehemu ya malisho ambayo sisi Wasukuma huifunga mvua zinapokwisha. Haichungwi, haikatwi, haichomwi moto. Nyasi hukauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikikaza, mwenye nyumba huifungua kwa ajili ya ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia. Akiba haiozi, hata ikiwa ya majani.

Ngitili yetu haikuwa na sura nzuri. Migunga mifupi, mikole, vichaka vya miiba vilivyojikunyata kama wazee wenye baridi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, ila nina maneno mengi. Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Tulizoea kuuzia ushirika na kungoja. Sasa malori ya wanunuzi binafsi yakawa yanaingia kijijini yakipiga honi, na kila kijana akawa anaota pamba.

Nikamwambia baba, "Pale pamelala bure. Miiba haina mnunuzi."

Akanijibu, "Ng'wana wane, mwanangu, hapajalala. Panatungoja."

Sikumwelewa, wala sikuuliza. Nilimsumbua msimu mzima. Nilimwambia mbele ya wageni wake kwamba tutabaki maskini kwa sababu yake, na nadhani hilo ndilo lililomchosha. Asubuhi moja akanionyesha nira kwa kidevu, akaenda zake kuchunga.

Nilifyeka, nikachoma, nikang'oa visiki. Kisha nikawafunga nira maksai wetu wawili, nikalima. Hebu fikiria hilo taratibu: niliwalimisha ng'ombe chakula chao wenyewe, nao wakanitii.

Mwaka wa kwanza pamba ilikubali. Nilinunua baiskeli, nikawa napita nayo polepole ili nionekane. Mwaka wa pili mvua ilichelewa, na ilipokuja ilikuja kwa hasira. Hapakuwa na kichaka cha kupunguza kasi ya maji, wala mzizi wa kushika udongo. Maji yalichimba mfereji katikati ya shamba, yakaondoka na udongo wote wa juu, na pamba ikadumaa. Kisha kikaja kiangazi kirefu.

Maksai walikonda mpaka ikawa kila asubuhi tunawainua, mmoja kashika mkia, mwingine pembe. Wakifa hatulimi, na tusipolima hatuli. Baba akasema twende kwa jirani yetu, Mzee Maduhu, ambaye ngitili yake ilikuwa bado imesimama, tuombe wale wawili waingie.

Tulimkuta langoni pake na wazee wenzake. Mwanawe, ambaye ni rika langu, akawatazama ng'ombe wetu wakijikokota. "Fomu Foo," akaniita, "hawa ulikuwa unawalisha madaftari?"

Wazee wakacheka. Maduhu hakucheka.

"Ng'wandu," alisema, "ngitili ile aliifunga babu yako. Sasa udongo wake umejaa kwenye lambo, ng'ombe wa kijiji kizima wanakunywa tope. Nani aliifyeka?"

Alijua. Wote walijua, waliniona nikifyeka. Na alipouliza alikuwa ananitazama mimi, si baba. Alikuwa amenifungulia mlango: niseme neno moja, nikemewe, yaishe. Mimi nikatazama kwato za maksai.

Baba akasema, "Ni mimi. Ardhi yangu, uamuzi wangu. Kijana alishika jembe tu."

Kisha Maduhu akasogeza miiba ya lango. "Ng'ombe waingie. Wao hawana kosa." Nilipopita karibu naye akaniambia kwa sauti ya chini, "Umemwacha mzee akuvalie nira."

Maksai mmoja alipona. Mwingine alifia mle ndani, majani yakiwa mdomoni.

Mfereji ule ukazidi kupanuka hadi ukawa korongo, na watu wakaanza kuliita Korongo la Ng'wandu. Baba alikuwa akilisikia jina hilo kisimani, mnadani, hata msibani, na hakuwahi kuwasahihisha. Alikufa likiitwa hivyo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilimwachia baba sahani nzima.

Nilipopata akili nilipafunga tena pale pembeni mwa korongo, na nimepaangalia miaka mingi. Kilianza kurudi kichaka, si nyasi. Chini ya miiba, mahali mdomo wa mbuzi haufiki, majani makavu yalijikusanya, unyevu ukadumu kidogo, mbegu zikaota. Katika nchi kavu kama yetu, kichaka ndicho kinacholea nyasi. Nami nilikiita bure. Lakini korongo lenyewe halijapona, na sitaishi kuliona likipona.

Basi sikiliza, mwanangu. Usiihukumu ardhi kwa sura yake ya kiangazi. Kabla hujafyeka, muulize aliyepaacha pasifyekwe alikuwa anangojea nini. Na siku utakapoulizwa nani amefanya, jibu upesi, angali hai yule atakayejibu badala yako. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa. Ya aliyenyamaza ni ndefu; mimi bado naitembea.

Ukipita pale na wenzako, usiseme Korongo la Ng'wandu. Sema ni la mwanawe, unitaje kwa jina langu. Vile vichaka vya pembeni vinavyoota, hivyo ndivyo vya Ng'wandu.

Mungu akunyeshee mvua ya taratibu, na akupe ulimi mwepesi siku hiyo ya kuulizwa.