Kumfuata Shemeji Ndikumana Ghalani Keko

Niliondoka Tabora Jumanne kwa sababu moja: dada yangu Kalunde alikuwa na mimba ya miezi minane, na mumewe alikuwa amefungiwa Dar es Salaam. Shemeji yangu huyo, Ndikumana, ni Mrundi. Ameishi kwetu miaka kumi na mmoja, analima kwetu, na harusini kwetu huimba vibaya kuliko wote. Alikwenda pwani kuuza asali, akakutwa hana cheti, akawekwa na wageni wengine wanaongoja kurudishwa ng'ambo ya mpaka. Mimi nilichukua barua ya mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, yenye muhuri, ishuhudiayo kuwa mtu huyu ni wetu. Niliifunga kitambaani, na njiani nikaifungua mara saba kuhakikisha haijabadilika.

Alhamisi, saa moja asubuhi, nilishuka stesheni. Kila niliyemuuliza njia ya Keko alinijibu, "Hapo hapo tu." Hapo hapo tu ilinichukua saa nzima na robo kwa miguu.

Mahali penyewe palikuwa ghala la zamani la kopra, likitazamana na karakana ya maseremala. Mlangoni alikuwapo askari wa makamo, Mzaramo, jina lake Kondo. Alinitazama kichwani.

"Mnyamwezi wewe! Mzigo umeutua wapi?"

"Nimemwachia Mzaramo. Nimesikia mnataka kujifunza kazi."

Alicheka, akanifungulia. Wasomaji wanajua utani wetu na Wazaramo ulivyo: matusi hayakasirikiwi, na msibani mtani aweza kulala kaburini akakataa kutoka mpaka asikilizwe.

Ndani nilipima kwa hatua: kumi na nne kwa sita, watu hamsini na watatu, ndoo moja ya haja kwa wote. Uji ulikuwa na wadudu. Mablanketi yalikuwapo, mapya kabisa, yamepangwa juu ya rafu. Hushushwa siku ya mkaguzi na kupandishwa akiisha kuondoka. Ndikumana alikuwa amekonda, na midomo imepasuka.

"Niliuliza tutaondoka lini," alisema. "Anayeuliza husimamishwa juani na debe la maji kichwani. Niliuliza mara mbili. Shemeji, huyo Kalunde..."

"Hajambo. Anakutukana kila siku."

Alifurahi sana.

Karani wa Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa serikali, hakuigusa barua. "Bwana Shauri ana kazi. Njoo Jumatatu."

"Nao wanasafirishwa lini?"

"Jumamosi."

Nilimweleza kwa utaratibu kwamba Jumamosi hutangulia Jumatatu. Akanifukuza.

Kondo alinisindikiza hadi barabarani. "Mtani, barua yako sina mkono wa kuifikisha. Lakini ukifa, nitakuzika vizuri."

Nililala kwa Wanyamwezi wenzangu wakaao mjini, nikiyafikiri maneno hayo.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, wafungwa walipangwa mstari. Nilitandika kanga niliyoazima, nikalala chali kizingitini, nikafumba macho. Kondo alisimama juu yangu. Kisha akatupa kofia chini na kupiga ukunga:

"Jamani! Mtani wangu amekufa! Wali wa nazi umemzidi nguvu!"

"Mwondoe!" karani alipiga kelele.

"Siwezi, Bwana karani. Mtani hazikwi mpaka neno lake lisikilizwe. Niruke maiti, wanangu wapate kichaa?"

Hakuna askari aliyethubutu kunivuka. Maseremala wakaja mbio. Mmoja akanipima kwa futi yake. "Futi tano kamili. Mbao mbili zatosha."

"Tano na inchi sita," nilisema bila kufumbua macho. Sipendi vipimo vya kukisia.

Vicheko vilimleta Bwana Shauri, aliyekuja kusimamia safari, kutoka garini. Akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole kuna nini. Kondo alipiga saluti.

"Marehemu ana barua, Bwana."

Aliisoma, akaugeuza muhuri kwenye mwanga, akaniuliza kama kweli mtu huyu ni wetu, nami nilimjibu nikiwa bado chini. Saa nne Ndikumana alikuwa nje. Mstari ulikwenda zake ukiwa na watu hamsini na wawili, na kicheko changu kikaishia hapo.

Jumapili, ndani ya gari moshi, baada ya Morogoro, shemeji alisimama mbele yangu, mikono mbavuni.

"Bwana, naomba ruhusa ya kwenda haja."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Stesheni tatu baadaye aliomba tena. Nami, nisijue la kufanya, nilimwambia akae, nikamwuliza majina ya wenzake. Aliyataja yote na vijiji vyao, kwa mpangilio ule ule walivyokuwa wakiitwa asubuhi na jioni. Niliandika mpaka giza lilipoingia.

Tulipofika nyumbani alisimama nje ya mlango wake mwenyewe.

"Unangoja karani?" Kalunde alimwuliza, tumbo mbele. Kisha akamwangalia usoni, akamshika mkono, akamwingiza.

Nilichojifunza ni kwamba barua moja humtoa mtu mmoja, nayo hutaka mtani mlangoni. Nimeanza kuwaandikia wanangwa na watwale, wakuu wa vijiji vya wale waliopelekwa, wawashuhudie watu wao. Zinahitajika barua hamsini na mbili. Nimekwisha maliza tisa.