Siku Niliyoanguka Uwanjani, Walisema Nimelewa

Naitwa Filomena, binti wa marehemu mzee Safari wa Mutuka. Wengi wenu mnanijua kwa ile video ya kuanguka iliyozunguka kwenye simu za watu. Muuguzi wa kliniki hii ameniomba niwaeleze ninyi mnaoanza dawa leo jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopona. Nitasema yote, hata yale ya aibu, kwa sababu aibu ilinichelewesha sana.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kutazamwa. Nilipomaliza darasa la saba nilikwenda Arusha kwa shangazi yangu, aliyekuwa mpishi kwenye klabu ya gofu. Nikapata kazi ya kubeba mikoba ya wachezaji, kutembea nao uwanja mzima huku fimbo zao ziko begani kwangu. Jioni wakiondoka, mimi nachukua fimbo kuukuu na kupiga mipira waliyoiacha vichakani. Mikono yangu ilikuwa imekomaa kwa jembe, nimelima mahindi na mbaazi tangu utoto, na mpira wangu ulikwenda mbali kuliko wa wanaume wengi. Klabu wakaona, wakanipa mwalimu. Miaka ikapita, nikawa mchezaji wa kulipwa. Nilishinda Nairobi, nikashinda Lusaka. Kampuni moja ya vinywaji ikanidhamini, ikabandika picha yangu kwenye bango kubwa pale Bonga, barabara ya Dodoma. Mama akipita pale ndani ya basi alikuwa anawaonyesha abiria. Nikija nyumbani ua unajaa. Ndugu niliokuwa siwajui walinikumbatia na kulia.

Ugonjwa ulianza kama maumivu ya kawaida, katikati ya mgongo, mahali ambapo mkono haufiki vizuri. Mchezo wetu ni wa kujipinda, kwa hiyo sikushangaa. Lakini maumivu ya kazi hupoa ukipumzika. Haya yalizidi nikilala. Jioni nilikuwa napata homa kidogo, na asubuhi nakuta shuka limelowa jasho. Nikaanza kupungua. Suruali zikanilegea kiunoni, na watu wakanisifu kwamba sasa naonekana mwanamichezo kweli.

Meneja wangu aliitwa Denis. Yeye ndiye aliyenisimamia kila kitu, safari, mikataba, hata chakula. Nilipomweleza, alisema hakuna mcheza gofu asiyeumwa mgongo. Akaleta mtu hotelini kunichoma sindano ya maumivu, nikacheza. Mashindano yaliyofuata, sindano tena. Nilimwomba mara moja anipeleke hospitali nikapigwe picha ya mgongo. Akasema kampuni wakisikia mchezaji wao analazwa watatafuta mwingine. Nikaogopa, nikanyamaza.

Tulipofika Kampala miguu yangu ilikuwa na ganzi. Nilikuwa navaa viatu nikiviangalia, maana nisipoangalia sijui kama mguu umeingia. Siku ya mwisho nilikuwa naongoza. Kwenye shimo la kumi na nane, ambalo ndilo la mwisho, nilihitaji kusukuma mpira kwa umbali mfupi tu, ambao hata mtoto angeweza. Nikasimama, nikainama, na miguu ikaisha. Haikuuma, iliisha tu. Nilianguka kifudifudi mbele ya watu wote, na nilipojaribu kuinuka nikagundua nimejikojolea.

Kuna mtu alichukua video. Kabla sijatoka uwanjani ilikuwa imeshafika Arusha. Ikaandikwa kwamba bingwa amelewa. Nikamwomba Denis awaambie watu kwamba naumwa. Akasema tungoje kwanza, ulevi watu husahau, lakini ugonjwa unafukuza wadhamini. Haikusaidia. Wiki hiyohiyo kampuni ikavunja mkataba kwa sababu nimechafua jina lake. Denis akanipakia kwenye gari la kukodi hadi kwetu Mutuka, karibu na Babati, akaniahidi atapiga simu. Kaka yangu Emanuel alinibeba mgongoni kutoka kwenye gari mpaka kitandani kwa mama, kama gunia.

Ua haukujaa safari hiyo. Waliopita walisimama mlangoni, wanatoa pole kwa haraka, wanaondoka. Wengine walisema ni Ukimwi. Mjomba mmoja alisema nimerogwa na wachezaji wenzangu, akataka nipelekwe kwa mganga. Wale waliokuwa wakinikumbatia na kulia, hata mmoja sikumwona. Bango la Bonga lilishushwa, na mama alijua kabla yangu. Akawa anakaa upande wa pili wa basi asipaone.

Mama alikuwa anahofia Ukimwi kama wengine, najua, lakini hakuuliza. Alinifunga kwenye blanketi, na Emanuel akatafuta bajaji, tukaenda hospitali mjini. Tulimkuta daktari mwanamke, mtu wa maneno machache. Nikaanza kumweleza kuhusu gofu na sindano, akanikatisha.

"Dada, gofu tuiweke pembeni kwanza. Homa unapata saa ngapi? Jasho je? Kilo zimepungua lini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nikajibu kila kitu. Alinigeuza, akapitisha vidole kwenye uti wa mgongo, akafika mahali fulani akasimama. Palikuwa pameota nundu ndogo. Mimi mwenyewe sikuijua, na wale wachoma sindano walikuwa wanaipita kila mara. Picha ilipotoka akatuonyesha pingili mbili zilizoliwa, zimekaa kama hindi lililobunguliwa. Akasema anaamini ni kifua kikuu. Mama akabisha kwa heshima kwamba mtoto hakohoi. Daktari akamweleza kwamba ugonjwa huu haukai kifuani tu, unaweza kuingia kwenye mifupa, na usaha wake ndio unaobana mishipa ya miguu.

Nikauliza kama nitatembea.

"Ungekuja mapema ningekujibu ndiyo," alisema. "Sasa hivi nakwambia tutajaribu."

Nilipelekwa hospitali ya rufaa, vipimo vikathibitisha, nikapasuliwa, usaha ukatolewa. Kisha nikarudi Mutuka na vidonge. Miezi ile siipendi hata kuikumbuka. Vidonge vilinitapisha, mkojo ukawa na rangi ya machungwa, nikadhani ni damu. Nilipata kidonda cha kulalia makalioni, na mama, mwenye umri wake ule, alinigeuza na kunisafisha kama mtoto mchanga. Nilikuwa na hasira mpaka nikamtupia bakuli la uji. Alilifuta sakafuni, akaenda kupika uji mwingine. Denis hakupiga simu.

Asubuhi moja mama alikuwa amekaa miguuni kwangu anachambua mchicha. Akaacha. Akaniambia nifanye tena. Nikamuuliza nifanye nini, maana sikuwa nimefanya kitu. Akasema kidole gumba kimecheza. Tukakitazama wote wawili, nikakiamuru kwa nguvu zangu zote, na kikacheza. Mama alifunika mchicha, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaendelea kuchambua.

Kutoka kidole mpaka kusimama, kutoka kusimama mpaka kushika ukuta, ilikuwa kazi nzito kuliko mashindano yote niliyowahi kushinda. Leo natembea. Mguu wa kulia unaburuta, na mgongo hauwezi kujipinda. Sitacheza tena.

Nilipomaliza dawa Denis alipiga. Alikuwa amesikia kwamba nimesimama. Akasema kampuni wanataka picha yangu mpya, nimeshika fimbo, natabasamu, historia yangu itagusa watu wengi. Nilimwacha amalize.

"Denis," nikamwambia, "nilikuwa naumwa nini?"

Akasema, "Si ulikuwa mgongo?"

Nikakata simu.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama, yule daktari na kaka yangu. Sitawadanganya kwamba moyo wangu umetulia. Padri ananiambia nisamehe, na kuna siku naweza, lakini nyingi siwezi. Hata hivyo mtu anaweza kupona akiwa na uchungu, mimi ni mfano. Mezeni dawa mpaka mwisho hata mkijisikia wazima. Mkiulizwa na daktari, semeni yote, hata ya mkojo. Na anayekula kwa jasho lako asikupangie unaumwa wapi.

Juzi alinipigia binti mmoja anayeanza kuvuma kwenye gofu huko Arusha. Bega linamsumbua, amepungua, usiku anatoka jasho. Nilimsihi aende hospitali kesho yake, nikamweleza haya yote niliyowaeleza ninyi. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru sana, akasema, "Nitaenda dada, mashindano yakiisha."

Ninyi mmeshafika hapa. Yeye bado anacheza.