Siku Kapteni Alipompita Meneja Bila Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa karakana kabla ya chai. Injinia wa mashine alinikuta nabishana na fundi mkubwa juu ya dainamo ya trekta. Akaniambia, "Wewe kijana, mdomo wako unakimbia kuliko hiyo trekta. Nenda uwanja wa ndege. Kule utabishana na upepo."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya ndege, mimi mtoto wa kijiji cha Tlawi niliyejifunza umeme kwa kufungua redio za watu. Sikusomea popote. Nilikuwa na hasira za karibu, ukinigusa nimewaka. Lakini nikimpenda mtu, usimseme mbele yangu.

Kapteni nilimpenda wiki ile ile. Alikuwa rubani wa ndege ndogo ya mashamba ya ngano, mtu wa Tabora, mpole, anaongea kama anapima maneno kwenye mizani. Kila asubuhi alipanda juu ya bawa, akazamisha kijiti kwenye tangi la mafuta. Nikamwambia, "Kapteni, si kuna geji?" Akasema, "Geji inakula umeme, bwana. Kijiti hakili kitu."

Alikuwa na desturi moja. Akirudi kutoka Arusha, akipita juu ya ofisi ya Meneja, anainamisha bawa moja. Ndiyo shikamoo yake. Meneja, mzee wa kutoka Masieda, anatoka nje na kofia, anaiinua juu. Karakana nzima wanapiga kelele, "Marahabaa!" Ilikuwa raha sana.

Sasa, wakati wa mavuno kiwanja chetu kiligeuka gereji. Ardhi pale ni ngumu, haizamishi tairi, kwa hiyo madereva walipaki kombaini na matrela ya ngano katikati. Kapteni akikaribia anaita kwa redio, wanatoa. Tulizoea hivyo.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Arusha na mikanda ya kombaini. Tumeshapita Babati, Mlima Hanang uko mbele umevaa wingu, nikaona mshale wa ameta umelala upande wa kutoa. Ameta inakuonyesha betri inajazwa au inaliwa. Yetu ilikuwa inaliwa.

"Kapteni, alternata imekufa!"

"Nimeiona. Usipige kelele, haisikii."

Alternata ndiyo inayotengeneza umeme. Alizima swichi yake, akaiwasha tena mara moja tu, kuona kama itaamka. Haikuamka. Hapo nikawaka. Nikamwambia anipe bisibisi nifungue dashibodi.

"Kaa," akasema. "Injini unaisikia?"

"Naisikia."

"Basi ina magneto zake. Zinajitengenezea cheche zenyewe, hazimwombi mtu betri. Sisi tunaendesha ndege kwanza. Mengine baadaye."

Akaanza kuzima kimoja kimoja. Taa. Redio ya pili. Vyote visivyo na lazima, ili kiasi kilichobaki kitufae kuita shamba. Akaita. Betri ilikuwa imechoka. Kabla hawajajibu, redio ikakoroma, ikanyamaza. Geji za mafuta zikalala. Nikataka kumwambia turudi, nikatazama nyuma, nikaona wingu limeshafunga njia tuliyotoka.

Tukafika juu ya kiwanja. Kombaini ile pale, katikati. Matrela mawili pembeni yake.

"Tuteremke kwenye kipande kilichobaki!"

"Flepsi zinatumia umeme," akasema. Flepsi ni vile vibawa vya nyuma vinavyoshuka kupunguza mwendo. Bila hizo ndege inatua kwa kasi, inataka kiwanja chote.

"Basi inamisha bawa wajue tuna shida!"

Akanitazama. "Nikiinamisha, watasema marahaba, waendelee kula."

Nikamkubalia. Mimi!

Akashuka chini sana, akapita juu ya ofisi ya Meneja amenyooka kama rula. Nikamwona mzee ameshainua kofia. Imebaki hewani. Kule chini, Injinia alinisimulia baadaye, watu walichukia. "Ameota mapembe huyu leo!" Tukazunguka. Kapteni akapita tena palepale, chini zaidi, amenyooka vilevile. Nilitaka kulia kwa aibu.

Meneja akaishusha kofia. Akasema, "Mara moja ni kiburi. Mara mbili ni shida. Toeni mashine!"

Kombaini haina haraka, jamani. Nimeitukana ile kombaini kwa Kiiraqw cha kwetu na Kiswahili, huku Kapteni anazunguka taratibu, ananiambia mafuta yapo, kijiti hakidanganyi. Ilipotoka na trela la mwisho likavutwa, akasema bismillahi, akatua. Tulikimbia kiwanja chote. Tulisimama pua iko kwenye ngano.

Meneja akaja kwa mguu. Kapteni akashuka akavua miwani. "Shikamoo mzee. Naomba radhi, nimekukosea heshima mbele ya watu wako."

"Marahaba," mzee akasema, anamshika mkono haachii. "Umenitukana vizuri, mwanangu."

Baadaye nilifanya kazi chini ya mameneja wengine, nikahamishwa hadi kituo cha pampu upande wa Dirma. Mashamba yakabadilika mikono, ndege ikaondoka. Kapteni alirudi kwao. Nimeona wenye vyeti vingi na wenye sauti kubwa, sikuona mwingine anayeweza kuogopa na kufikiri kwa wakati mmoja. Ninyi mafundi wa sasa mna mitambo mizuri kuliko yetu, siwaonei wivu. Nawaombea tu bosi kama yule.

Siku ya kuniaga nilipostaafu walinipa kipaza sauti, wakasema niseme machache. Nikamzungumzia Kapteni mpaka pilau ikapoa. Mwenyekiti wa sherehe akanivuta shati: "Mzee, sherehe ni yako, mbona unamsifia mtu mwingine?"

Nikawaka palepale, na uzee wangu. Nikamwambia, "Wewe, bila yule mtu leo ungekuwa umeshika shati la nani?"