Kafedha Akataa Sahani

Kafedha wa Kiembeni ana miaka sitini na kitu, na hicho kitu hupanda na kushuka kulingana na anayeuliza. Huuza mahamri na mbaazi barazani kwake. Mahamri yake huvimba hata huwekewa tofali juu ya kifuniko yasiruke. Anayebisha na aende alfajiri akajionee. Shule hakuingia. Siku aliyopelekwa, asema mwenyewe, mwalimu alimtazama akaona hana la kumfundisha, akamrudisha kwao na salamu za heshima.

Mwaka jana mpangaji wa nyumba ya nyuma, mwanamke wa Kikamba aliyefanya kazi kiwandani, alifariki akaacha wasichana wawili: Mwende wa miaka tisa na Winfred wa miaka minne. Jamaa hawakupatikana. Watoto wakakaa mwezi mzima katika makao fulani ya watoto. Kafedha alikwenda ofisi ya watoto ya serikali kuwadai mara saba, mpaka askari wa mlangoni akaacha kumuuliza jina. Mwishowe akapewa, awe mlezi wa muda wa miezi mitatu. Baada ya hapo afisa angekuja kukagua nyumba. Ikionekana haifai, watoto wangerudishwa makaoni, na huenda kila mmoja pake, kwa kuwa wanaokaa muda mrefu hutenganishwa, wadogo mbali na wakubwa.

Winfred aliingia kwa Kafedha akiwa mwepesi kama pakacha tupu. Akiwekewa chakula, alikisukuma kwa dada yake.

"Mbona hali?" Kafedha aliuliza.

"Kule kila mtu alikuwa na sahani yake, hawe," Mwende akajibu. Hawe ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi, na wasichana walilishika neno hilo siku ya pili. "Wakubwa wanakula chakula cha Winfred, halafu wanamrudishia sahani. Mpishi akiona sahani tupu, anaandika amekula."

Kafedha alichukua sahani zake tatu, akawatilia kuku maji humo, akashusha sinia kubwa la bati lililokuwa la mama yake. Tangu siku hiyo wakala mikono mitatu mahali pamoja. Wiki ya pili Winfred akaanza kumega. Wiki ya tano akaanza kupigania kichwa cha samaki, na mtaa mzima ulimsikia.

Siku ya ukaguzi, asubuhi, jirani yake Salha aliingia mbio na buibui lake begani.

"Kafedha, wallahi usije ukaaibika. Binamu yangu alikaguliwa kule Magongo. Wanaangalia kitanda cha kila mtoto, kikombe chake, sahani yake. Wana karatasi, dada. Kila kitu wanakipigia alama."

Kafedha, ambaye hajawahi kuogopa mtu wala mzuka, aliogopa karatasi. Na mtaa ule mtu akiwa na harusi au msiba, vyombo hukusanywa nyumba kwa nyumba, hakuna anayeuliza. Kufika saa tano kitanda cha mzee Gona kilikuwa kimeletwa na vijana wanne, paka wa Gona akiwa bado amelala juu yake. Zikaja sahani za udongo, vikombe, pazia, hata chupa ya chai yenye maua. Nyumba ikapendeza mpaka Kafedha mwenyewe alibisha hodi kabla ya kuingia.

Afisa alifika saa sita u nusu. Bi Quinter alikuwa mama kijana wa kutoka bara, mwenye viatu vya kazi na uso wa mtu aliyeshadanganywa mara nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hapa ndipo tulipo, na hivi ndivyo tuishivyo."

Bi Quinter alikagua kitanda, akakagua choo, akafika mezani. Akachukua sahani moja akaigeuza. Chini palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Akageuza ya pili: nukta ya kijani. Ya tatu: msalaba mweusi. Yeyote aliyewahi kuazimisha vyombo anajua alama hizo. Kila mwanamke hutia yake ili baada ya shughuli sahani isipotee njia.

"Mama Kafedha, sahani hizi ni za nani?"

Kabla Kafedha hajafungua mdomo, Mwende akasimama. "Ni zetu," akasema. Macho hayakushuka.

Hapo ndipo kitu kilipompanda Kafedha kichwani.

"Kaa chini, Mwende. Uongo wa nyumba hii ni wangu peke yangu, na mimi nautumia kwa hadithi tu. Wewe haujakupasa." Akamgeukia afisa. "Nimeazima. Sahani, kitanda, pazia, na yule paka. Niliogopa karatasi yako nikamfundisha mtoto kusema uongo, na hilo ndilo kosa langu pekee katika miezi mitatu. Salha! Njoo uchukue vyako."

"Kafedha, mwanamke wewe, nyamaza," Salha alinong'ona mlangoni.

"Sinyamazi. Beba."

Vyombo vikatoka mbele ya afisa. Kafedha akatandika mkeka, akashusha sinia, akapakua wali wa nazi, mchicha na samaki. "Kaa, mwanangu. Nawa mikono. Umekuja kuona nyumba, nyumba yenyewe ni hii."

Bi Quinter alisitasita, akavua viatu, akaketi.

Winfred alikuwa ameshajenga ukuta wa wali mbele yake, akilinda kichwa cha samaki. Kafedha alisukuma mchicha upande wake bila kumtazama. Kisha akasimamisha mkono.

"Mwende, umemega mara mbili tu. Una nini?"

"Naogopa watatutenganisha."

Bi Quinter aliacha kula. Kafedha akamtazama. "Umeona? Kwa sahani yake angenirudishia tupu, amempa mdogo wake, nami ningesema kashiba."

Afisa alinawa, akavuta fomu. "Hapa wanauliza kama kila mtoto ana chombo chake cha kulia."

"Andika hana."

"Mkubwa wangu atauliza kwa nini."

"Mwambie aje mchana, aje na njaa."

Bi Quinter aliandika kwa muda mrefu. Kafedha hakukubali kutia kidole mpaka Mwende asome kwa sauti. Mwende akasoma: watoto wanakula sinia moja na mlezi, mlezi anajua nani hakushiba, wabaki kwake wote wawili miezi sita, kisha mahakama iamue.

"Miezi sita?" Kafedha akauliza. "Hawe wa miezi sita umemwona wapi?"

"Sheria inaanza hivyo, mama. Ndiyo nguvu niliyo nayo."

"Basi na mimi nakuonyesha yangu."

Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwa uzito wake wote. Wanasema alama ilipenya karatasi tatu ikatokea kwenye ubao wa meza.

"Peleka," akasema. "Anayetaka kuwatoa hapa, na aje na kidole kikubwa kuliko hiki."