Kichuguu cha Mama Mkwe

Watu wa kijijini kwetu wanasema shemeji yangu Wanzagi alilala kazini. Waongo wakubwa. Mtu yule alikuwa macho kuliko wote waliomsema. Kosa lake lilikuwa heshima, tena heshima iliyopitiliza, na mimi nikiikumbuka nakasirika mpaka leo, halafu hasira ikiisha nabaki na huzuni tu.

Alikuwa mlinzi wa lambo. Kijiji chetu kiko ndani, ukitoka Bunda kuelekea Butiama, kwenye pamba na ng'ombe. Wakati wa vijiji vya ujamaa walikata udongo wakajenga tuta kuziba korongo, na maji yakakaa nyuma yake mwaka mzima. Ng'ombe walikunywa pale, sisi tulichota pale. Wanzagi, mume wa dada yangu Justina, akaajiriwa alitunze. Bwana maji aliyekuja na Landrover kutoka Musoma alimfundisha mambo machache: ng'ombe wasikanyage tuta, miti isiote juu yake, na akiona kichuguu achimbe mpaka amtoe malkia wa mchwa. Mchwa wanatoboa vijia ndani kwa ndani, alisema, na siku maji yakipata kijia hayapigi hodi.

Wanzagi akalishika somo hilo kama mtu aliyeokoka jana. Akimpata malkia, mnene kama kidole gumba, alimtia kwenye kopo akampitisha nyumba kwa nyumba ili watu wamwone adui yao. Mimi kwa kuwa ni shemeji yake nilikuwa namtania. "Shemeji, huyo ndiye mke mdogo?"

"Huyu anazaa kuliko dada yako," anajibu, "ila hapiki."

Alichimba vichuguu vyote vya kwenye tuta, kikabaki kimoja. Hicho kilikuwa cha mama yetu, Wankyo.

Kilianza mwaka wa njaa, ule tuliokula unga wa yanga, wa mahindi ya njano ya msaada, na dukani hakuna sabuni wala chumvi. Mama alikiona kikiwa bado kidogo, akaweka jiwe juu yake. Kwetu ukiweka jiwe juu ya kichuguu umeshakichukua, hakuna mwingine atakayetega kumbikumbi pale. Mvua za kwanza ziliponyesha alikijengea kibanda cha majani, akakaa chini anagonga vijiti taratibu, mpaka kumbikumbi wakatoka wakamiminika kwenye shimo alilowachimbia. Tulikula sisi, na watoto wa Justina wakala. Wanzagi alikuja siku hiyo na jembe begani. Akauliza jiwe ni la nani, akaambiwa, akarudi nyumbani. Nani angemlaumu? Watoto wake walikuwa wameshiba kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Lakini njaa ikaisha, na kichuguu kikaendelea kunenepa. Kila mwaka mvua zikianza, bakuli la kwanza la kumbikumbi waliokaangwa mama alilituma kwa mkwe wake. Bakuli lilirudi tupu, limeoshwa, pamoja na shukrani nyingi. Mama alifurahi. Alisema Justina amepata mume mwenye adabu.

Na adabu yenyewe kwetu iko hivi: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, yeye anaingia porini anageuza uso mpaka mama apite. Hawasemeshani. Kukiwa na jambo, linapelekwa na mshenga, yule aliyepeleka posa. Sasa wewe niambie, jambo la kumnyang'anya mama mkwe kichuguu, na bakuli lake umekuwa ukilipokea kila mwaka, unalianzia wapi?

Justina alitaka kwenda kumwambia mama mwenyewe. Wanzagi akakataa katakata. "Binti yake akienda, itakuwa nimempa maneno akamkaripie mama yake. Tumsubiri Silasi."

Silasi ndiye aliyekuwa mshenga, na Silasi alikuwa hashikiki. Pamba ilipopoteza maana, wanaume walikimbilia ziwani kwenye sangara, kwa sababu viwanda vya samaki vilikuwa vinanunua kila kilichoogelea. Silasi akaenda Murangi, kurudi ikawa hadithi. Wanzagi alimfuata hadi huko akaambiwa yuko visiwani. Akaacha salamu kwamba kuna jambo la wakwe. Silasi alipozipata alisema wakwe wanaweza kusubiri, samaki hawasubiri.

Kisha serikali ikapunguza wafanyakazi, na Wanzagi akapunguzwa. Landrover haikuonekana tena. Tukaambiwa lambo sasa ni la wananchi, kamati ikaundwa, ikakaa kikao kimoja ikafa kifo cha mende. Wanzagi aliendelea kwenda kwenye tuta kila asubuhi bila mtu kumtuma. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa Musoma, nauza mitumba pale mtaa wa Mukendo, na kila nilipokuja kusalimia nyumbani nilimkuta amelowa umande mpaka magotini.

Mwaka wa mvua za El Nino nilikuja tena. Alinifuata mlangoni kwa Justina, ana tope hadi kifuani. Hakunitania, nami nikajua kuna kitu.

"Shemeji, ukirudi mjini tafuta gari la samaki linalokwenda Murangi. Mwambie Silasi aje, asichelewe."

"Kuna nini?"

"Mambo ya wakwe. Siyo ya mtoto wa nyumba."

Nikamtazama Justina. Yeye akainamia sufuria. Nikasema haya, nikaenda, na nilipofika Musoma nikamtuma dereva kama nilivyoambiwa. Safari hii Silasi alikubali kuja, lakini lambo halikumngoja.

Justina ndiye aliyenisimulia. Chini ya kichuguu cha mama maji yalikuwa yakivuja kidogo kidogo, na kwa kuwa yalikuwa safi watu hawakujali. Asubuhi moja yakatoka mekundu, yamebeba udongo wa tuta. Wanzagi alipiga yowe. Watu wakaja na magunia ya mchanga, wakaziba huku, yakatokea kule. Justina anasema alimwona mumewe amesimama mbele ya kichuguu na jembe mkononi, analitazama lile jiwe, wakati hata kuchimba hakungesaidia tena. Mchana tuta likatitia, likafunguka, na lambo lote likaondoka. Hakufa mtu. Pamba ya bondeni ilizolewa, na kichuguu kikabaki kimesimama ukingoni mwa pengo.

Kwenye mkutano wa kijiji walimsimamisha. "Mlinzi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo," alisema. "Nilichelewa."

Basi. Kukitaja kichuguu ni kumtaja mama mkwe wake mbele ya watu, na hilo hakuliweza. Akabeba lawama yote peke yake. Wanawake waliokuwa wanaanza kufukua maji kwenye mchanga wa korongo walipita nyumbani kwake bila kusalimia.

Silasi alikuja baada ya siku chache, ananuka samaki, na akaliweka jambo la kichuguu mbele ya mama kwa utaratibu wake wote. Nilikuwepo. Mama aliweka ungo chini.

"Mimi?" alisema. "Meno yangu yaliisha zamani, kumbikumbi ningewatafunia nini? Napandaga pale na mgongo huu kwa ajili ya mkwe wangu tu. Si anawapenda? Bakuli halijawahi kurudi na hata mmoja."

Justina alinitazama, machozi yamemjaa. Wanzagi hajawahi kula kumbikumbi. Tumbo lake linawakataa tangu utoto. Bakuli lilikuwa linamalizwa na watoto.

Siku ya pili yake mama alichukua jembe akaniambia nimsindikize kwenye tuta. Wanzagi alikuwa kule, ameketi karibu na pengo. Alipotuona akaingia vichakani akageuza uso, kama ilivyo desturi. Mama akaondoa jiwe lake. Akaanza kulima kichuguu kile kigumu, mwanamke mzee, kila pigo anapumzika. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma.

Alipochoka akaegemea mpini. "Mwambie mkwe wangu," alisema, "ningejua anataka kiondoke, ningechimba mwenyewe tangu zamani."

Wanzagi alikuwa pale pale, kila neno amelisikia. Nikapaza sauti hata hivyo, nikamwambia.

Bado alikuwa ametupa mgongo.

"Mwambie mama namshukuru," alisema. "Mwambie kumbikumbi wake walikuwa watamu."

Nikamgeukia mama, nikamwambia.